Vidole Vyako, Somoe, na Ufuta Tuliouuza Wote

Somoe mwanangu,

Salamu tumeshapeana asubuhi, na hali yangu unaijua kwa kuwa tunalala nyumba moja, kwa hiyo mambo ya mimi huku sijambo nayaruka. Nakuandikia wewe ungali hapa hapa Likunja. Umekwenda kuwaaga akina shangazi yako, mama yako yuko jikoni, mimi nimeshaswali alasiri na nimekaa barazani na daftari. Ukirudi mama yako atakupa karatasi hizi. Zisome leo. Usiziweke kwenye begi ukazisomee Njombe, huko zitakuwa zimechelewa.

Utauliza kwa nini baba asiseme kwa mdomo. Wewe unanijua. Nikifungua mdomo najisifu, na nikianza kujisifu nasahau nilichotaka kusema. Kalamu inanichosha. Niliishia darasa la nne, kila neno nalivuta kama ng'ombe aliyegoma kuvuka mto, basi yanatoka yale ya lazima tu. Ingawa na wewe sema kweli, katika wazee wa rika langu hapa Likunja, ni nani mwingine anayeweza kuandika barua ndefu bila kuandikiwa na mtu? Hayupo. Haya, nimejisifu, yameisha.

Habari za nauli, za kufunga begi, za kutokula chakula cha mtu usiyemjua njiani, mama yako amekwambia mara tatu, mimi sirudii. Nataka kusema habari ya vidole vyako.

Usikasirike. Nimeona. Tangu tumalize kuvuna ufuta nimeona. Zamani jua likichomoza cherehani yako ilikuwa inalia, mpaka jirani analalamika. Siku hizi huigusi mpaka saa tatu. Kwanza unaosha vyombo kwa maji ya moto, vyombo ambavyo mama yako ameshaviosha. Kikombe cha chai unakishika kwa viganja viwili. Wiki iliyopita mama yako alikwambia, "Somoe, nifungulie kopo hili," ukamjibu, "Mama, mikono yangu ina mafuta." Mikono haikuwa na mafuta, mwanangu. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale nikajifanya natazama kuku. Ujanja huo wote niliubuni mimi kabla yako. Maji ya moto, viganja viwili, mikono ina mafuta, yote hayo ni yangu.

Wewe unakwenda kushona sare za shule kwenye karakana ya watu, mahali penye baridi inayoingia mpaka kwenye mfupa, na mikono ndiyo kazi yako. Kwa hiyo nakuandikia. Nataka ujue mikono yangu ilikwenda wapi na ilirudije. Sehemu kubwa hukuiona, ulikuwa Ruangwa mjini unajifunza kazi, na mimi nilimkataza mama yako asikwambie.

Nguvu zangu za zamani unazisikia, kila mtu anazisikia, nimezisema sana. Ekari nne za mikorosho nilipalilia peke yangu. Gunia la mbaazi nililiweka begani kama mwingine anavyoweka taulo. Sasa, Wasukuma walipoanza kuingia huku na ng'ombe wao, wengi walinuna. Mimi nikawa mtu wa kwanza kufanya urafiki nao. Masanja alipopiga kambi yake kule upande wa Kiegei nilimpelekea korosho, yeye akanipa mguu wa ng'ombe. Huo ndio ukawa mwanzo. Sisi tuliokulia hapa nyama tuliiona Idi na harusini. Mimi nikawa naila asubuhi na jioni. Mgeni akipita kwangu anakuta supu, anakwenda kusema Likunja nzima kwamba kwa Saidi hakulali mtu njaa. Nilipenda kusikia hivyo kuliko nilivyoipenda nyama yenyewe.

Chai nilitia sukari vijiko sita. Soda mchana, kwa sababu ya jua. Ugali wa sembe nyeupe, kwa kuwa dona niliona ni chakula cha mtu aliyeshindwa kukoboa. Mbaazi, kisamvu, mlenda, majani ya kunde, hivyo nilisema ni vyakula vya wanawake na vya mwaka wa njaa. Mama yako alivila jikoni pamoja na nyinyi, na mimi nikala barazani vitu vya kiume.

Na ufuta. Hapa ndipo nikikumbuka najishangaa mpaka leo. Nimelima ufuta tangu sijaoa, na sikuwahi kuuweka mdomoni. Kwetu ufuta una jina lake, zao la biashara, na jina hilo lilitufunga mikono. Ulikuwa unakauka, tunaupigia kwenye turubai, tunapepeta, unakwenda kwenye chama cha ushirika gunia kwa gunia. Siku moja mama yako aliomba bakuli moja abakishe ndani. Nilimfokea mbele ya watu. Nilimwambia, "Hii hailiwi. Wewe umeona wapi mtu anakula zao la biashara?" Akarudisha bakuli, akafagia hata zile punje zilizoanguka pembeni ya turubai, akazitia guniani. Tukauza wote. Kisha nikaenda dukani kununua mafuta ya kupikia ya kwenye dumu, sijui yamekamuliwa wapi na nani.

Ugonjwa ulianza kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Asubuhi kinakataa kukunjika, adhuhuri kinalegea. Nikasema baridi. Vikafuata vya pembeni, ukafuata mkono wa pili, yakafuata magoti. Nikasema nimerogwa. Mtu mwenye mikorosho kama yangu atakosaje kurogwa? Mganga mmoja ng'ambo ya mto akaniuliza nani ananionea wivu, nikamtaja mdogo wangu Omari, baba yako mdogo, kwa kuwa mwaka ule mikorosho yake haikuzaa. Mwaka mzima sikumsalimia. Alikuja hapa na mkungu wa ndizi, nikaingia ndani nikafunga mlango, nikamsikia anaongea na mama yako taratibu kisha anaondoka. Ukiona sasa nambeba kwenye pikipiki kila anakotaka kwenda, ndiyo hiyo sababu.

Miaka mitatu ilipita hivyo. Msikitini nikaanza kuswali kwenye kiti. Jembe likanishinda. Mwisho nikashindwa kijiko, Somoe. Mama yako alinilisha kwa mkono wake, mlango umefungwa ili mtu asipite akaona. Na hata hapo nilimlaumu kwamba tonge ni kubwa.

Aliyenipeleka hospitali ya Mnero ni yeye. Aliniambia twende kumjulia hali ndugu yake, tukafika nikaona foleni ya wagonjwa. Daktari ni binti mdogo tu, angeweza kuwa mkubwa wako kwa miaka michache. Alinishika kila kifundo, akakinyoosha, akakikunja, akatoa damu kupima, na majibu yalipokuja akaniambia kwamba hii ni baridi yabisi ya aina yake, ule ulinzi wa mwili ambao kazi yake ni kupigana na vidudu umegeuka unapiga viungo vyangu mwenyewe, ndiyo maana vinavimba na kuwaka moto. Dawa akaniandikia. Kisha akaweka kalamu chini.

"Babu, wewe unalima nini?"

"Uliza nisicholima," nikamwambia. "Ufuta, mbaazi, korosho, karanga, kunde, mtama. Mananasi ninayo. Binzari inaota yenyewe nyuma ya nyumba."

"Hongera. Na jana umekula nini?"

"Nyama."

"Na juzi?"

"Nyama. Mimi si mtu wa shida, mwanangu."

Mama yako akacheka, kicheko kile cha puani. Daktari akamgeukia, akaitazama mikono yake. Mama yako amenizidi umri mwaka mmoja, hilo usimwambie kwamba nimeandika, na anatwanga mpaka leo.

"Na wewe bibi, unakula nini?"

"Mimi nakula anachokikataa yeye."

Yule binti hakucheka. Aliniambia, "Basi babu, nenda ukale anachokula bibi." Halafu akaeleza vizuri, na maneno yake nayaweka hapa jinsi nilivyoyasikia. Alisema hanidanganyi kwamba chakula kitaniponya. Alisema wala nyama peke yake haikuniletea ugonjwa, watu wasiokula nyama pia wanaupata. Ila sukari nyingi, nyama nyekundu kila siku, vitu vya kukaangwa na mafuta ya kurudia, hivyo vinaweza kuuchochea ule moto, na majani, mbaazi, nafaka isiyokobolewa, karanga, ufuta, samaki, vinaweza kuupunguza. Wengine vinawasaidia sana, wengine kidogo, mpaka ujaribu kwa miezi, wala si kwa siku chache. "Na dawa usiache," akasema. "Chakula kinakaa pembeni ya dawa. Hakikai mahali pake."

Nilirudi nyumbani nimenuna. Mwezi mzima nilibishana na sahani. Mlenda ulikuwa unanitazama na mimi nautazama. Mama yako aliacha tu kununua sukari, na nikiuliza ananiambia dukani imekwisha. Duka lile halijawahi kuishiwa sukari tangu lijengwe.

Taratibu nikazoea. Ugali wa mtama. Mbaazi za nazi. Kisamvu na karanga. Dagaa na samaki wakavu wanaoletwa kutoka Lindi. Ming'oko kiangazi, ile mizizi ya kuchemsha, mama yako anaichimba porini na wenzake kama zamani. Chai ya tangawizi isiyo na sukari, ambayo siku ya kwanza niliitema. Na ufuta, tukabakisha gunia zima ndani, mwaka wa kwanza katika maisha yetu, anaukaanga, anautwanga, anautia kwenye mboga. Nyama ikarudi kuwa ya Idi na ya mgeni. Masanja alikuja akanikuta na bakuli la majani.

"Mzee Saidi," akasema, "umekuwa mbuzi?"

"Mbuzi anapanda mlima," nikamjibu. "Wewe na hicho kitambi panda tuone."

"Mlima wa nini, nyie huku hamna mlima, mna vichuguu."

Lakini nilikuwa nabisha kwa mdomo tu. Moyoni sikuwa na imani yoyote. Nilikula kama mtu anayetumikia kifungo.

Mavuno ya mbaazi yalipokaribia, asubuhi moja niliamka, nikakaa kitandani, nikanyoosha mkono kuchukua kanzu. Nikaona vidole vimeishika. Sikuwa nimeviambia. Nikaiachia kanzu nikajaribu tena, pole pole, kimoja kimoja, nikakunja mpaka ikawa ngumi. Ngumi kamili, kidole gumba juu. Nikafungua, nikafunga. Nikamwita mama yako. Alikuja mbio akidhani nimeanguka. "Tazama," nikamwambia. Akakaa pembeni yangu. Nikafunga, nikafungua. Tulikaa tunautazama ule mkono kama mgeni mkubwa aliyeingia bila kubisha hodi. Mama yako akaugusa kwa kidole kimoja tu, akarudisha kidole chake.

Siku hiyo nilikwenda kwenye gunia la ufuta nikachota punje chache kiganjani. Nimeuona ufuta maisha yangu yote lakini siku hiyo ndiyo niliutazama. Punje hata chungu anaibeba bila kuhema. Ndani yake kuna mafuta, ndani ya mafuta kuna kitu cha kwenda kutuliza kifundo cha mzee mbishi, na hicho kitu kimekaa humo tangu dunia, hakijatangaza. Mimi nimekilima, nimekivuna, nimekibeba mgongoni mpaka chamani. Sikuwahi kukijua. Nilisimama pale stoo nikaona haya mbele ya gunia. Hata dawa ile ya kidonge, ndogo kuliko ukucha wako, nayo nilianza kuistaajabia. Nani aliyekaa akafikiri mpaka akajua namna ya kuuambia mwili wangu uache kunipiga? Kipi kilifanya kazi, dawa au mboga? Daktari mwenyewe alisema huenda vyote viwili, na hawezi kuvitenga. Mimi nimekubali kutojua. Si jambo jepesi kwangu, unanijua.

Ningeishia hapa ingekuwa barua nzuri. Lakini kuna kosa ambalo hata mama yako nilimweleza nusu tu.

Nilipopata mikono nilipata na mdomo. Nikatupa vidonge. Nikaenda mnadani Nachingwea, nikasimama penye watu, nikakunja ngumi, nikafungua. Nikasema mimi Saidi wa Likunja nimejiponya kwa ufuta na mlenda, hospitali ni kupoteza siku. Watu walinizunguka. Nilisema vizuri sana, niliona raha. Katika waliosimama alikuwepo Hassani wa Kiegei, yule rafiki yangu mpole aliyekuletea kanga ulipomaliza shule. Hassani ana kisukari cha miaka mingi. Aliniuliza mbele ya wote, "Saidi, na sukari je?" Mimi sijui chochote kuhusu sukari isipokuwa kuitia kwenye chai. Nikamwambia, "Na sukari. Kila kitu."

Hassani akaacha dawa zake. Akala mlenda na ufuta kama nilivyomwambia, kwa uaminifu, yeye si mbishi. Akapata kidonda cha unyayo, hakusikia maumivu, akaendelea kulima nacho. Walipompeleka hospitali ilibidi mguu ukatwe chini ya goti.

Mimi habari zilinikuta kitandani, maana na vidole vyangu vilikuwa vimefunga tena, vibaya kuliko mwanzo. Nilirudi Mnero kichwa chini, nikaanza dawa upya, na ilichukua muda mrefu. Nilipoweza kushika usukani wa pikipiki nilikwenda Kiegei. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Hassani alikuwa amekaa kwenye mkeka, mguu umefungwa kitambaa. Alinitazama akatabasamu, akasema, "Karibu Saidi. Siku ile ulisema vizuri, bwana. Hata mimi nilipenda." Nikavua viatu nikakaa naye mkekani. Sijawahi kutukanwa vizuri hivyo, na yeye hakuwa ananitukana.

Siku hizi siku za kliniki nampeleka mimi. Anakunywa dawa zake, na anakula dona na mboga kama daktari wake alivyompangia, na sukari ikipimwa anafurahi kuniambia imekaa wapi. Chakula kinamsaidia, kweli kinamsaidia. Njiani haongelei mguu, anaongelea bei ya mbaazi. Mimi naendesha.

Sasa unajua. Nimekosea upande huu kwa kudharau chakula cha jikoni kwangu, nimekosea upande wa pili kwa kukifanya mganga. Huko Njombe utapata mboga za kila namna, njegere, maharage, maparachichi makubwa kama kichwa cha mtoto, na utapata chipsi mayai pia, na wenzako watakuita mezani. Sikupangii sahani. Mtu aliyefichiwa sukari na mkewe hana haki ya kumpangia mwingine sahani. Ufuta mama yako amekufungia kwenye ndoo, umekaangwa.

Jambo jingine sijakwambia kwa kuwa kila nikitaka nilikuwa napata kikohozi. Ile kanzu uliyonishonea Idi. Nilikuwa nakuchungulia unapoikata. Kitambaa kiko bapa mezani, hakina umbo lolote, wewe hukupima mara mbili, umetia mkasi, umezungusha, umeunga, na kikawa bega. Bega langu, hili la kushoto lililoshuka kwa kubeba magunia, na wewe ulilishusha kwenye nguo bila mtu kukwambia. Nilipoivaa niliingia ndani nikakaa peke yangu kidogo. Nimeona mambo mengi, nimeona simba kwa macho yangu, wazee wenzangu hawajaona. Lakini vidole vya kujua bega la baba yake kwa kulitazama sijaviona kwingine.

Kwa hiyo juzi nilipokuaga nakwenda Nachingwea kutafuta dawa ya kupulizia mikorosho, nilisema uongo. Nilikwenda Mnero. Nilimweleza daktari kila kitu, mpaka la kopo. Alisema ugonjwa huu wakati mwingine unatembea kwenye ukoo, wakati mwingine ni kitu kingine kabisa, na hawezi kujua bila kukuona. Alisema mtu akija mapema hivi, habari yake inaweza kuwa tofauti sana na yangu. Akaniambia, "Mlete kabla hajasafiri."

Najua unachoogopa. Unaogopa daktari akiutaja ugonjwa kwa jina, Njombe itakufa. Na mimi niliogopa jina, nikakaa miaka mitatu nikilishwa. Baada ya kupewa jina ndipo nikarudi shambani.

Basi la Songea linaondoka Masasi kesho kutwa alfajiri, na Masasi unalala kwa mjomba wako, hata ukifika jioni hakuna neno. Kesho tunaondoka hapa na gari la kwanza, wewe na mimi, tunashuka Mnero. Utaonwa, utapimwa, utapanda gari jingine la Nachingwea uendelee na safari yako. Kama kuna dawa utaondoka nayo, na jina la hospitali ya huko ya kwenda kuonwa daktari atakuandikia. Kama hakuna kitu utanicheka mpaka Masasi.

Mimi sitaingia ndani. Nitakaa nje kwenye benchi na begi lako na ndoo ya ufuta. Daktari akitoka akaniuliza jambo lolote, nitamwambia amuulize mwenye vidole.

Ni mimi baba yako,
Saidi